Ngazi Tatu Nilizomchorea Cucu

Nimestaafu. Msicheke, nyinyi wa darasa la tano mnaosukumana mbele ya ubao huu wa matangazo. Fundi wa kawaida hustaafu mgongo ukimkataa. Mimi nimestaafu kwa sababu Mwalimu Mkuu aliniambia nichague kati ya kamba ya baba na mtihani wa darasa la nane, na wakati ananipa uhuru huo wa kuchagua alikuwa ameshika kiboko. Nimechagua mtihani. Nina miaka kumi na minane, na anayetaka kujua mbona bado niko darasa la nane akamuulize aliyeifunga shule yetu mwaka mzima Hali ya Hatari ilipoanza.

Basi kabla sijaisahau kazi, nawaachieni. Mtaihitaji. Vijiji vya Hali ya Hatari vinaanza kuvunjwa, kila jamaa inapewa shamba lake kipande kimoja, na huku kwetu mahali palipo sawasawa ni ndani ya kikaango cha chapati tu. Kila mtu atajenga kwenye mteremko. Mama zenu watawaambia, "Wewe si uko na kalamu? Chora nyumba." Nanyi mtachora mraba, mlango katikati, na jua linacheka pembeni. Nawajua.

Baba yangu, Fundi Ramadhani wa Majengo hapa Nyeri, ni mwashi. Hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumshikia kamba. Alijaliwa mabinti watatu, na katika hao mimi ndiye niliyekuwa naunguza ugali, kwa hiyo mama hakulia sana nilipotolewa jikoni. Nikashika kamba. Kwanza nilifundishwa kuipiga mafundo kumi na mawili yenye nafasi sawa na kuikunja tatu, nne, tano, ili nipate pembe mraba. Halafu nikafundishwa chupa. Pimamaji ya baba ilivunjika zamani, akabaki na chupa ya dawa ya kikohozi aliyoijaza maji karibu yote, akaacha povu moja ndani. Unailaza juu ya ubao, povu likisimama katikati, ubao uko sawa. Povu likikimbia, wewe ndiye mwenye makosa, si chupa. Niliwahi kubishana na chupa ile siku nzima huko Naro Moru, na jioni tulibomoa ukuta.

Kitu kingine alichonifundisha ni tabia za udongo. Ukijenga kwenye mteremko unachimba upande wa juu na kumwaga upande wa chini mpaka upate sakafu. "Udongo uliokatwa," baba husema, "ni mwenyeji, amekaa hapo tangu Nuhu. Udongo uliomwagwa ni mgeni, bado anaangalia mlango. Usimbebeshe mgeni jiko." Mawe ya moto na kitanda cha mtu mzima huwekwa upande uliokatwa. Upande wa mgeni, weka vitu ambavyo vikizama kidogo hakuna atakayelia.

Makosa yangu ni mengi, nitawapa moja la bure. Kule Kutus kulikuwa na mwalimu kutoka upande wa Kakamega, mtu mpole, anacheka polepole kama anayetafuna. Baba alinituma nikamwonyeshe mahali pa choo. Nikamwonyesha pazuri sana, penye kivuli, juu ya mteremko, nyuma ya jiko. Mwalimu akaangalia choo, akaangalia jiko, akaangalia mawingu.

"Binti," akasema, "mvua ikinyesha, sisi hapa chini tutakuwa tunakula nini?"

Tangu siku hiyo najua: maji hayasomi ramani. Choo chini, jiko juu, na mfereji nyuma ya nyumba kabla hujafikiria hata rangi ya mlango.

Lakini nilichokuja kuwaambia ni habari ya nyumba ya Cucu.

Cucu ni nyanya yangu, mama wa mama. Jina langu la madrasa ni Zuhura, lakini kwa desturi ya Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hiyo Cucu ananiita Wanjiru, ambalo ni jina lake mwenyewe. Akinitukana anajitukana, na hilo halijawahi kumzuia. Wakati ule alikuwa anaishi ng'ambo ya mto, katika nyumba ya duara ya nyasi, pamoja na Mama Kariuki, mke wa mjomba wangu, na watoto wanne. Mjomba mwenyewe alikuwa kambini, kizuizini.

Amri ikatoka. Watu wote wa ng'ambo ile waache nyumba zao zilizotawanyika mashambani, wahamie kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, chini ya kituo cha gadi, wale walinzi wa serikali. Baba akaitwa kupiga vigingi vya viwanja. Hakuulizwa kama anapenda. Barabara ya kijiji ilikatwa moja kwa moja kutoka kituoni juu hadi chini mtoni, ili gadi akisimama juu aone mlango wa kila nyumba. Milango yote itazame barabara, ndiyo ilikuwa sheria. Na kila mtu, bila kufikiri, akawa analaza nyumba yake ubavu kando ya barabara, inashuka na mteremko kama mtu anayeteleza kwa makalio.

Mama Kariuki akaniambia, "Wanjiru, wewe umesoma. Tupangie vyumba. Jumamosi nyumba za zamani zinachomwa, na leo ni Jumatatu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na kichwa kikubwa kama boga. Mwezi uliotangulia baba alikuwa ametengeneza bomba la moshi kwenye nyumba ya mzungu mmoja kilimani, na mimi nilichungulia ndani. Vyumba vilikuwa vinashukiana kwa ngazi! Unatoka chumba cha kulala unashuka, unatoka sebuleni unashuka. Nikasema, hii ndiyo nyumba ya mteremko. Nikakaa usiku kucha na daftari la hesabu. Nikachora vyumba vitatu: cha kulala juu, cha moto katikati, cha watoto na mlango chini. Ngazi mbili hapa, ngazi moja pale. Nilichora hata chungu cha maua.

Jumanne mchana tukavuka mto, mimi na Mama Kariuki, kumpelekea Cucu mchoro. Cucu alikuwa ameketi karibu na moto anamenya viazi. Nikamwekea karatasi mapajani.

"Ona, Cucu."

Akaishika karatasi. Akaigeuza. Akainusa.

"Inanuka wino," akasema. "Nyumba gani inanuka wino?"

Cucu ni kipofu. Naapa nilikuwa nimesahau. Mngemwona ndani ya nyumba yake na nyinyi mngesahau: anawasha moto, anamimina uji bila kumwaga tone, anapita katikati ya watoto na mbuzi bila kumkanyaga yeyote, na ukiiba kiazi anajua ni cha ngapi. Macho yake yalipofuka miaka mingi kabla sijazaliwa. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa macho yake.

"Haya, nisomee," akasema. "Natoka kitandani. Nakwenda motoni. Vipi?"

"Unashuka ngazi mbili, Cucu."

"Na kutoka motoni mpaka mlangoni?"

"Ngazi moja."

"Kwa hiyo asubuhi naanguka mara mbili ndipo nipike uji, halafu naanguka mara ya tatu ndipo nitoke nje. Wanjiru, mimi nimekukosea nini?"

Watoto wakacheka mpaka mdogo akaanguka. Mimi pia nilicheka. Cucu hakucheka. Aliikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Mimi sihami," akasema.

"Mama, wataichoma," Mama Kariuki akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Jumamosi wanachoma zote. Hawaangalii kama kuna mtu ndani."

"Waichome. Humu ndani mimi ni mtu. Huko kwenu nitakuwa mzigo, wa kushikwa mkono mpaka nikienda kukojoa. Nani atanishika? Wewe asubuhi uko handakini unachimba. Hawa watoto?" Akaokota kiazi kingine. "Hapana. Mimi ni mzee. Niacheni."

 Nje mbuzi alikohoa. Mama Kariuki aliniangalia, na hakuniangalia vibaya, ndiyo maana iliniuma. Nyumba yangu ya ngazi ilikuwa imempa mtu sababu ya kukaa ndani ya moto.

Sasa nyinyi wadogo, sikilizeni hapa hata kama yote mengine mmelala. Sikujua la kufanya, na asiyejua la kufanya afadhali aulize. Nilivua leso yangu kichwani, nikajifunga macho.

"Cucu," nikasema, "nifundishe nyumba yako."

"Unafanya nini, mtoto?"

"Nimekuwa wewe. Si tuna jina moja? Niambie kitanda kiko wapi."

 Halafu nikasikia anainuka. "Geuka kushoto. Kushoto, nimesema, Waislamu hawana kushoto? Nyoosha mkono. Hiyo ni nguzo. Kutoka nguzo mpaka moto hatua nne. Hatua za mtu, si za askari!"

Nilikanyaga jivu. Nikagonga kibuyu. Nikapiga paji la uso kwenye dari ya kuhifadhia nafaka, na Cucu akafurahi waziwazi. Lakini nilikuwa na kamba ya baba, na kila alichonionyesha nilikipigia fundo: kitanda mpaka moto, hatua nne. Moto mpaka mlango, hatua tano, moja kwa moja, ukifuata hewa baridi. Mbuzi mkono wa kulia, kuni mkono wa kushoto. Sakafu ilikuwa sawa kote. Nyumba ya duara ni ndogo. Wahenga waliotangulia waliichimbia kwenye mteremko kama kikombe na hakuna ngazi hata moja.

Nikarudi kwa baba nikamwonyesha mafundo. Baba alikuwa kwenye kiwanja kipya cha Cucu kijijini, amechuchumaa na chupa yake. Nikamwambia, tatizo ni ngazi. Nyumba ikishuka na mteremko, lazima iwe na ngazi, au tuchimbe futi sita upande wa juu.

Baba alilaza chupa kwenye ubao kufuata barabara. Povu likakimbia. Akaugeuza ubao ukakata mteremko, ukaelekea mbali na barabara. Povu likasimama.

Tukaangaliana.

"Ilazwe hivi," akasema polepole. "Ikate mteremko. Kichwa chake ndicho kitazame barabara."

"Na mlango uwe kichwani!"

"Vyumba vyote vitakuwa sawa. Tunachimba futi mbili tu nyuma." Akakuna ndevu. "Lakini kijiji kizima kitakuwa kimelala hivi, na sisi vile. Hedmani wa kijiji atapiga kelele."

Jumatano alasiri, watu waliporudi kutoka handakini, tulikuwa tumefunga kamba za nyumba nzima kwenye vigingi. Nilikuwa nimemwomba Cucu aje, si kuhama, kujaribu tu. Alikuja ameshika shuka la Mama Kariuki, midomo ameikaza. Tulipofika alimwachia. Nikampeleka mahali pa kitanda. Akahesabu nne, akainama, akapapasa mahali ambapo mawe ya moto yangekaa, tulikuwa tumeweka kokoto tatu. Akahesabu tano mpaka mlangoni. Akarudi. Akafanya tena, haraka zaidi. Halafu akaketi chini, kwenye udongo mtupu, mahali pa kitanda chake, akanyoosha miguu.

Hapo ndipo hedmani akafika. Alikuwa na koti refu na fimbo, na ile sauti ya mtu ambaye mwenyewe anamwogopa mtu mwingine.

"Ramadhani! Hii nyumba iko na nini? Zingine zote zimelala hivi, hii imelala vile!"

"Hedmani, si amri ilisema mlango utazame barabara?"

"Ndiyo."

"Mlango ndio huo."

"Lakini nyumba yenyewe imegeuka! Bwana DO wa wilaya akikuja ataniuliza, hii ni kichwa ya nani imeharibika? Nitasema ya nani?"

"Mwambie mlango unaitazama barabara mpaka barabara inaona haya," nikasema. Baba akanikanyaga mguu, na baba huvaa viatu vya matairi.

Hedmani akaruka kamba, akaingia katikati ya nyumba yetu, fimbo juu.

"Nani huyo ameingia kwangu bila hodi?" Cucu akauliza kutoka chini.

Hedmani akaganda. "Ati nini?"

"Hiyo ni sauti ya Njoroge wa Wambui. Imenenepa, lakini ni ile ile. Nilikufukuza kwenye viazi vyangu vitamu ukaacha kaptula kwenye ua. Sikukufundisha kubisha?"

Wanawake waliokuwa na majembe mabegani waligeuka kuangalia upande mwingine, mabega yanatetemeka. Hedmani aliangalia kamba, akaangalia miguu yake, na jamani, sijawahi kuona tena kitu kama hicho: alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akatokea pale tulipoweka mlango. Akasimama nje.

"Hodi, Mama," akasema chini chini.

"Karibu. Lakini sina kiti."

Hakuingia. Alichora mstari udongoni kwa fimbo, akaufuta kwa kiatu. "Iwe hivyo," akamwambia baba. "Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Hiyo siwezi kusaidia mtu."

Nilidhani tumeshinda. Nikamwuliza Cucu, "Kwa hiyo utahama?"

"Kamba si nyumba," akasema, na akaomba shuka la kushika ili arudi ng'ambo.

Nyumba ya udongo si ya mawe. Wanawake sita wenye hasira wanaimaliza kwa siku mbili, na walikuwa na hasira. Tulikata upande wa juu, tukamwaga chini, wakaukanyaga udongo ule mgeni kwa miguu mpaka ukawa mwenyeji kwa nguvu. Tukachimba mfereji nyuma. Mbuzi walikuwa wameshachukuliwa kwenye boma la kijiji, kwa hiyo mkono wa kulia, mahali pa mbuzi, tulipanga kitanda cha watoto. Upande wa pili wa moto tukaweka ukuta mwembamba, chumba cha mjomba, siku atakayorudi. Mama Kariuki alisema kisipungue hata futi moja. Hakikupungua. Ijumaa, kafyu ikikaribia, nyasi ya mwisho ilikaa juu ya paa.

Jumamosi asubuhi Mama Kariuki alihamisha vyungu, ngozi za kulalia, mahindi, watoto. Alihamisha hata mawe matatu ya moto, moja moja mgongoni. Mchana ukafika. Gadi walikuwa wameanza upande wa juu wa ng'ambo, nyumba ya kwanza ilikuwa inawaka. Cucu hakutokea.

Nilivuka mto nikikimbia. Nilimkuta ameketi ndani ya nyumba tupu, mahali palipokuwa na mawe, na katikati kulikuwa na makaa amefunika kwa jivu. Nikapiga magoti. Nililia, siwafichi. Nikamwambia nyumba ina ukuta, haina ngazi, ni nne na tano, nimepima mwenyewe, nikafunga macho nikatembea. Nikamwambia nitakaa naye niache shule.

Cucu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko kuna moto?" akauliza.

"Bado, Cucu. Tutawasha. Mama Kariuki ana kiberiti."

"Kiberiti!" akasema, kama nimetaja nyoka. "Mmebeba vyungu. Mmebeba mawe. Hakuna mmoja aliyekuja kuchukua moto. Moto huu nilipewa na mama mkwe wangu, haujazimika tangu niolewe. Nimekaa hapa toka asubuhi nangoja mwenye akili. Nyumba bila moto wake ni zizi. Ungetaka nihamie zizini?"

"Cucu, tulidhani umekataa!"

"Nilikataa ngazi. Lete kigae."

Nilitafuta kipande cha chungu kilichovunjika, akapakia makaa mwenyewe, akayafunika kwa jivu na jani la mgomba. Alikibeba yeye. Sikumshika mkono, nilitembea mbele nikipiga domo bila kunyamaza, ndivyo alivyotaka, ili afuate sauti. Nilimtania njia nzima. Nyuma yetu nyasi zilikuwa zinalia kama mvua.

Aliingia kwa mlango uliotazama barabara. Hatua tano. Akainama, akapapasa mawe yake matatu, akamwaga makaa, akapuliza. Mama Kariuki alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Moto ukashika. Cucu akaenda nne, akafika kitandani, akakaa, akaweka kiganja sakafuni upande mmoja, kisha upande wa pili. 

Halafu akainua pua. Moshi wa ng'ambo ulikuwa unaingia kati ya ukuta na paa.

"Wanjiru, nenda mlangoni. Wamefika kwangu?"

Nikasimama mlangoni. Ng'ambo nzima ilikuwa moshi wa nyumba hamsini labda, zote zimechanganyika.

"Siwezi kujua, Cucu. Zinafanana."

"Hazifanani. Nguzo zangu ni za mutamaiyu. Babu yako alizibeba kutoka msituni begani, mti mmoja mmoja. Wengine walijengea miti ya ovyo. Vuta pumzi."

Nikavuta. Katikati ya nyasi na samadi kulikuwa na harufu moja nzito, tamu, kama ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi rudi ndani," akasema, "uongeze kuni. Moto huu umetembea mbali."